Jani la Isale kwenye Sahani Nyeusi

Nchi hii inajua mambo mawili kuhusu sisi Wapare: makande na kesi. Kuhusu makande sina la kujitetea, nimelelewa nayo. Kuhusu kesi, watani wetu husema Mpare atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mimi nilikuwa nikikasirika kila niliposikia utani huo. Kisha nikakumbuka kwamba baba yangu aliuza ng'ombe kweli, na kuku mwenyewe hata hakuwapo. Ilikuwa kesi ya majani.

Majani hayo ni ya isale. Kwetu isale hupandwa mipakani na makaburini, kwa sababu halifi upesi kwa jua. Lina kazi nyingine pia. Ukimkosea mtu hadi ukashindwa kumtazama usoni, unachuma jani la isale, unalipiga fundo, unampelekea. Aliyeletewa hana ruhusa ya kulikataa. Na atakayelichezea, akalitumia kwa uongo au akalitupa, atalipa kwa uhai, yeye au mtu wa nyumba yake. Wachaga wanasema desturi hii ni yao. Sisi tunasema ni yetu. Kesi hiyo bado haijapangiwa hakimu.

Baba na baba mkubwa, ndugu wa tumbo moja, walipakana mashamba ya tangawizi kule juu milimani. Baada ya masika moja mabaya, masale ya mpakani yakaonekana yamesogea. Baba alisema kaka yake ameyang'oa na kuyapanda ndani ya shamba letu. Baba mkubwa alisema ni mvua imeporomosha udongo. Wakaenda baraza la kata, wakaenda wilayani, wakaenda mbele zaidi, na kila aliyeshindwa alikata rufaa. Mwishowe baba akahamia mjini Same na kuacha kiapo nyuma yake: "Siku akiniletea isale, nitapanda. Bila isale sipandi, hata kumzika." Baba mkubwa naye akatuma majibu kwamba yeye haombi msamaha kwa kosa la mvua.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Kila Jumapili anasali kwa sauti kubwa kuliko wote pale kwenye "utusamehe makosa yetu kama na sisi tunavyowasamehe", na mimi, niliyekaa ubavuni pake tangu mama alipofariki, nilikuwa natamani kumfinya.

Mwaka huu baba mkubwa alirudishwa nyumbani kutoka hospitali. Sisi tunajua maana ya kurudishwa nyumbani. Mchungaji alikuja kumsihi baba, wajomba wakaja, mimi nikalia mbele yake kabisa bila aibu. Baba alisikiliza wote, akauliza jambo moja tu: "Ametuma isale?"

Hakuwa ametuma.

Mdogo wangu anafanya kazi Dar es Salaam, na kama watu wengi wa Dar anaamini hakuna huzuni isiyotibika kwa chakula cha bei mbaya. Akamlipia baba mlo wa siku ya kuzaliwa kwenye mgahawa mpya uliojengwa kwenye mgongo wa mlima, njia ya kupanda Suji, ambako baadhi ya watalii wanaotoka Mkomazi hulala. "Dada, ni mgahawa wa majaribio," aliniambia kwenye simu. "Mpishi anafanya majaribio ya chakula." Mimi nafundisha kemia sekondari. Nikamwambia majaribio hufanyika maabara, na baba si panya. Lakini alikuwa ameshalipa, na Mpare haachi kitu kilicholipiwa.

Tulifika jua likiwa bado juu. Upepo ule wa Same ulikuwa umetusindikiza njia nzima ukitupiga vumbi, lakini mlango wa mgahawa ulipofungwa nyuma yetu, ukakatika ghafla, na ukimya uliobaki sikuupenda. Kuta zilikuwa nyeusi. Meza nyeusi, sahani nyeusi, wahudumu nao wamevaa nyeusi. Baba alivua kofia akaishika kifuani, kama mtu aliyeingia msibani asijue ampe nani pole. Ukuta mmoja ulikuwa wa kioo kitupu, na haukutazama tambarare, ambako kuna cha kutazama. Ulitazama mlima.

Tulipokaa ndipo nilipoona tulichofanyiwa. Ng'ambo ya korongo, juu ya mistari ya mashamba, lilionekana bati la nyumba ya baba mkubwa. Baba alikuwa amekaa akiliangalia moja kwa moja. Nikasema tubadilishe meza, hapa pana baridi.

"Hakuna baridi," baba alisema. "Kaa."

Msichana mhudumu alikuja akapiga goti kidogo. "Shikamoo mzee. Karibuni sana. Leo mtasafiri."

"Marahaba. Tunasafiri wapi tena? Tumefika sasa hivi."

Msichana akacheka, baba hakucheka.

Kilichofuata sijui kama nikiite chakula. Kwanza tuliletewa jiwe. Jiwe kabisa, la moto kiasi, limepakwa kitu cheusi juu, na tukaambiwa tulilambe kwa sababu ule ndio mlima. Baba alinitazama nami nikamtazama. Kisha yule mzee, ambaye kwake mtoto akilamba kidole mezani anatolewa nje, akainua jiwe akalilamba. Nililamba langu. Lilikuwa na chumvi na uyoga, na nyuma ya uyoga kulikuwa na harufu ya udongo mbichi, ule uliochimbwa asubuhi hiyo hiyo. Niliacha.

Pili walileta makande. Nilifurahi nikidhani sasa tunakula. Ndani ya bakuli jeusi mlikuwa na povu, na juu ya povu punje moja ya mahindi na harage moja.

"Makande yenyewe yako wapi?" baba aliuliza.

"Hii ni roho ya makande, mzee," yule msichana alisema kwa adabu.

"Kwa hiyo mwili mmeshauzika."

Siku nyingine ningecheka mpaka nitoe machozi. Siku ile utani wa baba ulinitia baridi, maana aliusema huku macho yake yako ng'ambo, kwenye lile bati.

Tatu kilikuja kifuniko cha kioo kilichojaa moshi. Msichana alipokiinua, moshi ukatambaa mezani, ukatupanda vifuani. Ulinuka kuni mbichi na mafuta ya taa, harufu ya jikoni kwetu siku za matanga, watu wakiwa wengi na kuni kavu zimekwisha. Sikumbuki chini ya moshi kulikuwa na nini. Nakumbuka baba alikohoa, akanywa maji, akasema polepole, "Taa haijawaka."

Jua lilikuwa limeshazama nyuma yetu na kivuli kilikuwa kimemaliza kupanda mlima. Nyumba za ng'ambo zilikuwa zikiwasha taa, moja hapa na moja kule. Ya baba mkubwa ilikuwa giza.

"Mama yako mkubwa huwasha taa ya barazani mapema," baba alisema. "Hangoji giza. Tangu aolewe yuko hivyo."

Kwa miaka mingi hakuwahi kuitaja nyumba ile ila kwa jina la kwenye kesi, yaani "upande wa pili". Nilitaka kumwambia tuondoke, twende. Lakini nilimjua. Ukimsukuma baba mbele anarudi nyuma. Nikakaa nimeshika kisu ambacho hakikuwa na cha kukata, nikiomba Mungu taa iwake. Niliogopa kwamba mtu anakata roho pale mbele yetu, nyuma ya kioo, na sisi tunalamba mawe.

Ndipo ikaletwa sahani ya nne. Kipande cha nyama ya mbuzi kisichozidi kidole gumba. Pembeni yake, jani refu la kijani, limekatwa vizuri, limepigwa fundo.

Isale.

Baba hakugusa nyama. Aliweka mikono yote miwili mezani, huku na huku ya sahani.

"Binti," alisema. "Nani ametuma hili?"

Wale wahudumu wamefundishwa kueleza kila kitu kimetoka wapi, nadhani ndiyo sehemu ya bei. Msichana akajibu kama alivyofundishwa. "Limetoka kwa jirani yetu, mzee. Kuna mzee mmoja ng'ambo pale, anaumwa sana. Tulimwomba, akaturuhusu mwenyewe akiwa kitandani. Ila alisema tukate upande wake wa mpaka tu. Upande wa pili tusiguse, ni wa mdogo wake."

"Alisema hivyo? Wa mdogo wake?"

"Ndiyo, mzee. 'Ni wa mdogo wangu, msiguse hata jani.' Ndivyo alivyosema."

Baba aliinamisha kichwa. Sijui alitazama jani au alifumba macho.

Mimi nikageuza shingo, na nikaona kile ambacho sikutaka kukiona. Meza ya pembeni walikaa Wazungu wawili, mume na mke. Kila mmoja alikuwa na jani lake la isale kwenye sahani, fundo lile lile. Mwanamke alikuwa ameliweka la kwake nyuma ya sikio na mume wake anampiga picha.

Lilikuwa pambo. Mtu wa jikoni, pengine mtoto wa Dar kama mdogo wangu, aliliona kwenye mpaka wa watu akalipenda, akafunga fundo kwa sababu fundo linapendeza. Hakujua kitu. Angefunga vile vile jani la mgomba.

Ningesema neno moja tu: baba, ni pambo. Mdomo wangu ulikataa. Nilivuta kiti changu mpaka nikakaa katikati ya baba na ile meza, na mgongo wangu mpana, ambao nimetaniwa nao tangu shule ya msingi, kwa mara ya kwanza ukapata kazi. Lakini nilikuwa najua isale la uongo hulipwa kwa kitu gani. Nimesoma kemia, najua jani ni jani, na bado niliogopa.

Halafu nikamwona mpishi mwenyewe anakuja, amevaa aproni ya ngozi, anapita meza kwa meza akieleza mambo yake. Alianza kwa wale Wazungu. Nilisikia akisema kitu kuhusu mmea na mababu, wao wakaitikia "waaoo". Zamu yetu ilikuwa inafuata. Nikainuka nikamzuia njiani.

"Asante sana, kaka, chakula kizuri. Mzee anataka kuondoka."

"Lakini bado kuna sahani tano, dada."

"Tufungie."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. "Hazifungiki. Nyingine ni mvuke."

Niliporudi mezani baba alikuwa amesimama. Alikuwa ametandaza kitambaa chake cha mfukoni, kile cheupe cha kanisani, na analifunga jani ndani yake taratibu.

"Twende juu," alisema.

Barabara ya kule juu si ya gari dogo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msituni na taa zangu zilimulika maziwa matupu. Baba alikuwa ameweka kitambaa mapajani. Nilikuwa nikihesabu makosa yangu kwenye kila kona: nimemdanganya mzee kwa kunyamaza, nimebeba isale la uongo kulipeleka kwenye nyumba ya mgonjwa, na baba akimuuliza kaka yake alilituma lini, itakuwaje? Baba mkubwa atasema hakutuma. Baba atageuka, atashuka mlima, na safari hii hatapanda tena. Nilifikiria kusimamisha gari niseme ukweli. Nikafikiria pia lile dirisha lisilo na taa. Nikaendelea kukanyaga mafuta.

Mama mkubwa alitoka na tochi ya simu. "Betri ya sola imekufa tangu jana," alisema, akidhani ni wageni wa kawaida. Kisha mwanga ukamfikia baba usoni. Akaweka mkono mdomoni, akarudi ndani, na tukamsikia analia huko.

Baba mkubwa alikuwa amelala chumba cha mbele, amebaki kidogo sana ndani ya blanketi. Mwanaume ambaye sauti yake ilikuwa inavuka korongo! Mshumaa ulikuwa kwenye kisosi. Chumba kizima kilinuka udongo mbichi, ile harufu ya kwenye jiwe, au labda ilikuwa imebaki puani mwangu.

"Shikamoo, kaka," baba alisema.

"Marahaba."

Baba alipiga magoti kando ya kitanda, akafungua kitambaa. Nilijua alichokusudia kusema, alikuwa amekiandaa kwa miaka yote ile: nimelipokea, nimekusamehe. Lakini mkono wa baba mkubwa ulitangulia. Ulitoka kwenye blanketi ukapapasa, maana macho yalikuwa yamekwisha, ukakuta jani, ukalifuata mpaka kwenye fundo. Vidole vikakaa pale.

"Umeniletea isale," alisema.

Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo. Aliyebeba isale mkononi ndiye mwombaji. Hata mtoto wa kwetu anajua.

"Umechelewa," baba mkubwa aliendelea, kwa shida, pumzi ikikatika. "Lakini umeleta. Nimekusamehe, mdogo wangu. Mpaka, mahakama, na ile siku uliyoniita mwizi mbele ya watoto wangu. Yote nimesamehe."

Baba alifungua mdomo. Ule uso niliufahamu, nimeuona kwenye baraza la kata na wilayani, kidevu juu na kidole cha kwanza kinaanza kuinuka, uso wa mtu anayetaka kusema naomba kusahihisha, mheshimiwa. Miaka yote ile alikuwa anangoja kusamehe, na sasa amesamehewa yeye, kwa kosa ambalo aliapa mbele ya kila hakimu kwamba si lake. Nilikuwa tayari kumrukia nimzibe mdomo kwa mkono wangu, Mungu anisamehe.

Kidole kikashuka.

"Ahsante, kaka," baba alisema.

Baba mkubwa hakumaliza wiki. Walipotupigia simu mimi ndiye niliyepokea, na jambo la kwanza nililosema moyoni halikuwa pole. Nilisema: limelipwa. Siku zile za msiba nilifanya kazi zote walizonipa, nilichota maji, nilipepeta mchele, nilichochea kuni mbichi machozi yakinitoka kwa moshi na kwa mengine, na kila aliyenishika bega akaniambia "mshukuru Mungu walipatana" alinichoma. Nilimwogopa baba mwenyewe. Nilimtazama kama unavyotazama sufuria ya maziwa motoni, kwamba sasa hivi atauliza habari ya lile jani.

Kaburi lilipofunikwa, baba aliomba panga. Akaenda peke yake mpakani, watu wote wakimwangalia, akakata isale. Alikata upande wake mwenyewe. Akarudi akalipanda kichwani pa kaka yake, akakanyagia udongo kwa kiatu cha kanisani, akanyooka mgongo kwa taabu.

Tulikwenda kunawa pamoja nyuma ya nyumba. Mimi nilishika jagi, yeye akakinga mikono. Maji yalitoka mekundu kwa udongo, halafu masafi, na yeye bado anasugua.

"Wale Wazungu wawili," alisema bila kuinua macho, "wa meza ya pembeni. Wao nani aliwakosea?"

Jagi liligonga beseni. Aliona. Kabla sijavuta kiti, alikuwa ameshaona.

Alikung'uta mikono, akaifuta kwenye koti, moja baada ya nyingine.

"Kaka amenihukumu, akanisamehe, akaondoka," alisema. "Sasa mimi rufaa nitakata wapi?"